Filamu za mapenzi za Ireland: tazama kwanza shamba ni la nani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha kutazama filamu kimenipa kazi ya kuongoza mazungumzo kuhusu filamu za mapenzi za Ireland. Nimeshaangalia The Quiet Man, Ryan's Daughter na Brooklyn. Kila ninaposoma naambiwa kwamba mandhari ya Ireland ni mhusika katika hadithi. Kusema kweli mimi naona vilima vya kijani, bahari na mvua tu, kisha wapenzi wanaoshindwa kuambiana neno, na mmoja anaishia kupanda meli. Mandhari hiyo inafanya kazi gani hasa? Na zaidi ya hizo tatu, tuangalie zipi na tuache zipi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na huo usemi uliokuchosha. Kusema kwamba mandhari ni mhusika hakumpi mtazamaji kitu cha kushika. Mhusika ana haja yake. Mlima hauna haja. Wenye haja ni watu wanaouishi mlima huo, na kwa Ireland haja kubwa kwa vizazi vingi ilikuwa ardhi: nani analimiliki shamba, nani atalirithi, nani amelikosa na sasa hana budi kuondoka. Shika maswali hayo matatu unapotazama, na kila kilima kitaanza kukueleza jambo kuhusu mapenzi yenyewe, maana huko kuoa na kuolewa kulianzia shambani kabla ya kufika moyoni.

Chukua lile bonde tupu la kijani linaloonekana karibu katika kila filamu ya aina hii. Mgeni hulipenda kwa utulivu wake. Lakini lilikuwa limejaa watu. Mwaka 1841 kisiwa cha Ireland kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kisha ikaja Njaa Kuu, kuanzia 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoozesha viazi ambavyo maskini walivitegemea kwa karibu kila mlo. Takriban watu milioni 1 walikufa, na wengine kama hao wakahama. Hata leo, ukijumlisha Jamhuri na Ireland ya Kaskazini, kisiwa hakijafikia idadi ile ya 1841. Kwenye miteremko ya magharibi, huko Connemara na katika kisiwa cha Achill, jua likiwa chini utaona mistari iliyonyooka chini ya majani. Ni matuta ya viazi ya watu waliolima hapo kabla ya njaa, na hakuna aliyerudi kuyalima. Kwa hiyo mwongozaji anapowasimamisha wapenzi wawili peke yao kwenye bonde kama hilo, upweke wao una historia, hata kama yeye mwenyewe hakuikusudia.

Njaa ilibadilisha pia namna ya kuoana, na hapa ndipo penye jibu la lile jambo ulilolitaja, la wapenzi wasioambiana neno. Zamani baba aliwagawia wanawe vipande vya shamba. Kipande kidogo cha viazi kilitosha kulisha familia, vijana wakaoana mapema. Baada ya njaa watu waliogopa kugawa. Shamba likawa la mwana mmoja. Ndugu zake walipanda meli, au wakaingia upadri na utawa, au wakabaki nyumbani kwa kaka wakifanya kazi bila kuoa. Hata huyo mrithi hakuoa mpaka mzee amwachie shamba, na wazee hawakuwa na haraka. Mwanamume wa miaka 40 ambaye bado hajakabidhiwa kitu aliendelea kuitwa mvulana. Ireland ya vijijini ikawa miongoni mwa sehemu za Ulaya ambako watu waliolewa na kuoa wakiwa wamechelewa zaidi, na wengi hawakuoa kabisa. Ongeza na jambo hili: mashamba mengi yalikuwa mali ya makabaila, na ni sheria za ardhi, hasa ile ya 1903, zilizowawezesha wapangaji kuyanunua kwa mikopo ya serikali. Mkulima unayemwona kwenye filamu iliyowekwa miaka ya 1920 pengine ni mtu wa kizazi cha kwanza katika ukoo wake kumiliki udongo anaoukanyaga. Usimshangae akiupenda kuliko mke.

Sasa rudi kwenye The Quiet Man, ya 1952, iliyoongozwa na John Ford. Watu huikumbuka kama filamu ya rangi nzuri na ugomvi wa ngumi. Itazame tena dakika za mwanzo. Sean Thornton, mwigizaji ni John Wayne, anarudi kutoka Marekani, na kabla hajapata mchumba anapata adui: ananunua nyumba ndogo aliyozaliwa, na kiwanja hicho kilikuwa kikitamaniwa na jirani mwenye mashamba, Red Will Danaher. Baadaye Sean anampenda dada yake Danaher, Mary Kate, aliyeigizwa na Maureen O'Hara, na kaka anakataa. Ugomvi wa mapenzi unakuja juu ya ugomvi wa ardhi ambao umeshawaka.

Kisha kuna ile mahari inayowachanganya watazamaji wengi. Huko ilitoka upande wa mwanamke; familia yake ilimpa fedha na samani aende nazo kwa mume. Danaher anazizuia: paundi 350 na vyombo alivyoachiwa Mary Kate na mama yake. Sean, aliyekulia Marekani, haelewi kwa nini mkewe anang'ang'ania fedha ambazo yeye hazihitaji. Mary Kate anajua kwamba bila vitu vyake ataingia katika nyumba ile kama mtumishi aliyeokotwa; hana mguu wa kusimamia. Anakwenda kumweleza padri aliye mtoni akivua samaki, na aibu inapomzidi anageukia Kiairishi, lugha ambayo mumewe Mmarekani asingeifuata, ili aseme kwamba hawalali kitanda kimoja. Fedha zinapopatikana, yeye mwenyewe anafungua mlango wa tanuri la mashine ya kupura nafaka, na mumewe anazitupa motoni. Wamekubaliana bila kuambiana neno. Kwangu hiyo ndiyo harusi halisi ya filamu hiyo, na inafanyika shambani, mbele ya wafanyakazi, pembeni ya mashine ya mavuno.

Mandhari nayo inafanya kazi ya mshenga. Tena mshenga yupo kweli, Michaeleen, anayewasimamia wachumba wasikaribiane. Anawapakia kwenye gari la farasi ambalo abiria huketi wamepeana migongo, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara. Wanapomtoroka wanaishia kwenye makaburi ya kanisa bovu. Radi inapiga, mvua inawanyea, na busu linakuja hapo. Mvua imewafanyia jambo ambalo desturi ilikuwa imewanyima. Hapo ndipo ungeweza kumwonyesha mwanakikundi asiyeamini kwamba hali ya hewa inaweza kubeba hadithi.

Lakini uwe tayari, kuna tendo ambalo kikundi chako kitalikataa, na kina haki. Sean anamburuta mkewe maili kadhaa kutoka kituo cha treni, kupitia malisho, kijiji kizima kikifuata kwa furaha, na mwanamke mmoja anamtolea fimbo ya kumpigia mkewe. Usilifunike kwa kusema zama zilikuwa zile. Filamu inalicheka jambo lisilochekesha, na uzuri wa majani yale unasaidia kulipitisha. Hilo ni fundisho pia kuhusu mandhari: uzuri unaweza kutumika kumfumba mtazamaji macho. Ford alizaliwa Marekani kwa wazazi waliotoka Galway, na sehemu za nje za filamu zilipigwa kiangazi cha 1951 katika kijiji cha Cong na maeneo ya jirani, mpakani mwa Mayo na Galway. Sehemu nyingi za ndani zilipigwa studio Hollywood. Ni ndoto ya mtoto wa wahamiaji kuhusu nyumbani kwao. Ilimpa Ford Oscar yake ya nne ya uongozaji na ikawapa Oscar wapiga picha wake, na imewafunza waongozaji wengi wa nje kuamini kwamba Ireland ni rangi ya kijani.

Ndiyo maana nataka uongeze filamu ambayo hukuitaja, na kama mtakuwa na muda wa filamu moja tu ya ziada, iwe hii. Inaitwa The Ballroom of Romance, ya 1982, iliyoongozwa na Pat O'Connor kwa ajili ya televisheni kutokana na hadithi fupi ya William Trevor. Haifiki hata saa moja na nusu. Brenda Fricker anaigiza Bridie, mwanamke anayekaribia miaka 40, anayemtunza baba yake aliyekatwa mguu kwenye shamba la milimani. Kila Jumamosi anapanda baiskeli kwenda kwenye jumba la dansi lililo peke yake kando ya barabara, ambako kwa miaka mingi amecheza na wanaume walewale. Kijana aliyempenda zamani alishaoa mwingine na kuhama. Sasa tumaini lake ni mpiga ngoma wa bendi, mtu mpole asiye na makuu, na usiku huo anatambua kwamba naye ameshampoteza. Anayebaki ni Bowser Egan, mlevi, ambaye hataoa mpaka mama yake mzazi afariki, na Bridie anajua kwamba siku hiyo ikifika atakubali.

Hakuna jabali hapo, hakuna wimbi linalopiga mwamba. Kuna barabara, baiskeli, giza na ukumbi wa mabati. Walakini sijui filamu nyingine ambayo ardhi imekaa shingoni mwa mwanamke kwa uzito kama huo. Hawezi kuhama kwa sababu ya baba. Baba hawezi kulima bila yeye. Egan hawezi kuoa kabla ya kurithi. Kila mtu anamsubiri mwingine afe, na hakuna anayelisema hilo, maana utalisemaje? Ukimya uliokuudhi kwenye filamu zile tatu unapata maelezo yake hapa. Wanayo maneno, ila neno lolote la kweli litamgusa mzee aliye jikoni.

Kanisa na dola viliongeza ukimya huo. Sheria ya 1935 ilidai kila jumba la dansi liwe na kibali cha hakimu, na mapadri waliyaonya majumba hayo kutoka mimbarini. Filamu zenyewe zilikaguliwa chini ya sheria ya 1923. Casablanca, ambayo wengi wanaiona kuwa kilele cha filamu za mapenzi, ilipigwa marufuku Ireland mwaka 1943 kwa sababu nchi haikutaka kuegemea upande wowote vitani, na iliporuhusiwa 1945 ilikatwa sehemu za penzi la mke wa mtu. Vijana wa Ireland wa wakati ule waliona mapenzi ya sinema yakiwa yameshapita kwenye mkasi.

Ryan's Daughter, ya 1970, inatoka upande mwingine kabisa. David Lean aliwajengea waigizaji kijiji kizima cha mawe kwenye rasi ya Dingle, Kerry, kisha akawa anasubiri mwanga na mawimbi anayoyataka. Upigaji picha ulichukua karibu mwaka mzima, na hali ya hewa ilipogoma kabisa sehemu kadhaa za ufukweni zilipigwa Afrika Kusini. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini filamu ina ile sura ya mtu aliyekataa kuondoka bila alichokifuata. Mpiga picha wake, Freddie Young, alipata Oscar, na alistahili.

Hadithi ni ya Rosy, binti wa mwenye baa, anayeolewa na mwalimu aliyemzidi umri, kisha anapenda ofisa wa jeshi la Uingereza aliyejeruhiwa vitani, muda mfupi baada ya uasi wa Pasaka wa 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza. Angalia mapenzi hayo yanapofanyikia. Kijiji ni mtaa mmoja. Kila dirisha linatazama mlango wa mwenzie. Rosy hana shamba wala chumba. Mahali pake ni ufuko mpana ambao maji hujaa na kutoka, ardhi isiyo na ukuta wala mpaka, na msitu. Lakini ufuko una hila yake: huweka nyayo. Mumewe anaziona alama za miguu mchangani na kuzifuata, na kichwani mwake anawaona mke na yule ofisa wakitembea mbele yake. Mume anayejua na hasemi, na mchanga unaosema kwa niaba yake. Hapo Lean ameitumia nchi kwa akili kubwa.

Nina lawama moja nzito kwa filamu hii. Wanakijiji hawalimi, hawavui, hawachungi. Wanasimama mtaani kwa wingi wakisubiri kuwa kundi la wakatili. Lean alipenda bahari na majabali, na aliwaacha watu wa pale bila kazi za mikono, na mtu asiye na kazi kwenye filamu huonekana hana akili. Isipokuwa katika dhoruba. Silaha za wapigania uhuru zinasukumwa ufukweni na mawimbi, na kijiji kizima kinaingia baharini kuziokoa, wanawake kwa wanaume, wakipigwa na maji. Kwa dakika chache wale watu wanakuwa wakazi wa pwani wanaojua bahari yao, na mandhari inaacha kuwa pambo la moyo wa Rosy. Ukitaka kuonyesha kipande kimoja cha filamu hiyo kwenye mazungumzo, onyesha hicho kabla ya vile vipande vya mapenzi. Kisha mkumbushe mtazamaji kwamba baadaye ni watu haohao watakaomkata Rosy nywele kwa usaliti ambao kwa kweli ulifanywa na baba yake.

Brooklyn, ya 2015, ni filamu iliyo kimya kuliko zote tatu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoielewa nchi vizuri zaidi. John Crowley aliiongoza kutokana na riwaya ya Colm Tóibín, na Saoirse Ronan ndiye Eilis, msichana wa Enniscorthy, mji mdogo wa Wexford, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika muongo huo watu karibu 400,000 waliihama Ireland. Zamani usiku wa kuamkia safari ya Marekani uliitwa mkesha, na ulikuwa mkesha wa msiba hasa, kwa kuwa wazazi wengi hawakutarajia kumwona mtoto tena. Filamu haionyeshi mkesha huo. Inaonyesha mama anayeondoka gatini kabla meli haijang'oa nanga kwa kuwa hawezi kuendelea kutazama. Ni msiba uleule.

Wewe uliona wanaume wawili, Tony wa New York na Jim wa nyumbani. Itazame tena kwa jicho la shamba. Tony, fundi bomba, anampeleka Eilis kwenye uwanja mtupu wa Long Island na kumwonyesha mahali ambapo yeye na ndugu zake watajenga nyumba. Jim naye ana baa ya familia na nyumba nzuri ambayo wazazi wake wako tayari kumwachia. Posa zote mbili zimekuja na kiwanja. Tofauti ni kwamba kiwanja cha Jim kimeshajengwa, kina vyombo ndani, kina majirani wanaojua jina la bibi yako. Cha Tony ni nyasi na upepo. Eilis anachagua kati ya nchi ambayo kila kitu kimeshagawiwa na nchi ambayo bado kuna nafasi. Wanaosema ameshindwa kuchagua kati ya wanaume wawili wamekosa nusu ya hadithi.

Fukwe mbili zinaeleza jambo hilohilo. Coney Island imefurika watu hadi mchanga hauonekani. Curracloe, kule Wexford, ni pana, nyeupe na tupu. Eilis aliyerudi anauona utupu ule kama utajiri, na kweli ni mzuri, na kwa nusu saa nzima filamu inakufanya utake abaki. Kumbuka tu kwamba utupu huo umetokana na watu kama yeye kuondoka.

Jambo moja la kisheria lazima ulieleze kwa kikundi, la sivyo sehemu ya mwisho itaonekana nyepesi. Eilis alifunga ndoa ya siri na Tony kabla ya kurudi. Katiba ya Ireland ya 1937 ilikataza talaka, na marufuku hiyo iliondolewa kwa kura ya maoni ya Novemba 1995, kwa tofauti ya kura zisizofika 10,000. Kwa hiyo mwenye duka anapomdokezea Eilis kwamba anaijua siri yake, anamwonyesha kwamba penzi lake na Jim halina mlango wowote wa kisheria wala wa kanisa, katika mji ambao habari hufika kabla yako. Ryan's Daughter nayo isome hivyo: mwisho wake, padri anapoeleza shaka kama kweli wale wanandoa wataachana, na kuwaachia shaka hiyo kama zawadi, anazungumza ndani ya nchi ambamo mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kupata talaka.

Filamu nyingine mbili za kuongeza. The Dead, ya 1987, ni ya mwisho ya John Huston, aliyeiongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mrija wa oksijeni, na akafariki kabla haijatoka. Inatokana na hadithi ya James Joyce: karamu ya familia Dublin, Januari 1904, chakula, nyimbo, hotuba. Karibu yote iko ndani ya nyumba, tena sehemu kubwa ilipigwa California. Mwanamke mmoja kwenye karamu anamshauri Gabriel aende kutembea visiwa vya Aran, magharibi, na yeye anajibu kwamba hupenda kwenda Ulaya bara kuendesha baiskeli. Mkewe, Gretta, ni mtu wa magharibi. Usiku, hotelini, anamweleza kwa mara ya kwanza juu ya kijana wa Galway aliyesimama mvuani chini ya dirisha lake akiwa mgonjwa, na akafa akiwa na miaka 17. Ndipo kamera inatoka nje, na theluji inaanguka juu ya nchi yote. Mume amegundua kwamba sehemu ya nchi aliyoidharau karamuni ndiko ulikobaki moyo wa mkewe. Dakika chache za mandhari, na zina nguvu kuliko saa tatu za Lean, kwa sababu zimesubiriwa.

Once, ya 2007, ya John Carney, haina shamba wala kilima mpaka karibu katikati. Ni Dublin ya mitaani: mwanamume anayeimba na gitaa Grafton Street na kutengeneza mashine za kufagilia, na mwanamke wa Kicheki anayeuza maua. Mwaka 2004 nchi kama Czech zilipoingia Umoja wa Ulaya, Ireland ilikuwa kati ya nchi chache zilizowafungulia wafanyakazi wake soko la ajira mara moja. Kwa mara ya kwanza hadithi ya meli imegeuka: anayefika ni mgeni, na Ireland ndiyo nchi ya kutafutia riziki. Ilipigwa kwa siku 17 kwa fedha kidogo sana, kamera ikiwa mbali ili wapita njia wasijue. Wawili hao wanapopanda kilima cha Killiney, bahari iko chini yao, anamuuliza kama bado anampenda mumewe, na anajibiwa kwa Kicheki bila tafsiri. Hata katika Ireland mpya, neno kubwa linasemwa kwa namna ambayo anayeambiwa hawezi kulishika. Mlinganishe na Mary Kate mtoni, na utakuwa na mazungumzo ya nusu saa.

Za kuacha: Leap Year, ya 2010, inampeleka mwanamke kutoka Cardiff kwa mashua akielekea Cork na kumshusha Dingle, kana kwamba pwani ya nchi ile inaweza kukunjwa, watu wa vijijini humo wapo ili mgeni achekeshwe. Muda wenu una thamani. Wild Mountain Thyme, ya 2020, ilichekwa sana kwa lafudhi za waigizaji wake, na wakosoaji hawakuonea mtu. Hata hivyo nisingeifuta. Mgogoro wake ni kipande chembamba cha ardhi kati ya mashamba mawili na mzee anayetishia kumpa shamba mpwa wake wa Marekani badala ya mwanawe ambaye hajaoa. Mifupa ni ya kweli ingawa nyama imeharibika. Itazameni mwishoni, baada ya Ballroom.

Labda utajiuliza kwa nini filamu kubwa za zamani ni za wageni. Ireland haikuwa na bodi ya kufadhili filamu mpaka 1981, ikafungwa 1987, na ikafufuliwa 1993 na waziri wa utamaduni Michael D. Higgins, ambaye baadaye alikuwa rais. Kabla ya hapo waliokuwa na fedha za kupiga picha Ireland walitoka London na Hollywood, na mtu aliyesafiri umbali huo hutaka aonekane amefika: atapiga jabali. Wenyeji walipopata kamera waliielekeza jikoni, dukani, kwenye ukumbi wa dansi. Unaweza kuligawa somo lako lote kwa mstari huo.

Mpangilio ninaoushauri ni huu. Anzeni na The Quiet Man, kwa sababu picha nyingine zote zinaijibu. Wiki inayofuata The Ballroom of Romance, mkiwa bado mnakumbuka majani ya Ford. Kisha Ryan's Daughter, na msiikate: inazidi saa tatu, lakini ilitengenezwa iwe na mapumziko katikati, basi yatumieni mapumziko hayo kuuliza nani kijijini anafanya kazi gani. The Dead iwe ya nne. Brooklyn ya tano, na wakati huu simamisheni filamu pale Tony anapoonyesha uwanja wa Long Island, halafu tena pale nyumba ya Jim inapotajwa, na kila mwanakikundi aandike angekubali ipi kabla hamjaendelea. Once imalizie. Kabla ya kila filamu waambie wafuatilie jambo moja tu: nani analimiliki eneo wanalosimama wapenzi wanaposema jambo lao kubwa. Nakuhakikishia mabishano yataanza kabla taa hazijawashwa.